Somo la Tofali la Pilipili

Modesta alikuwa ameitisha somo lake la tembo mara tatu, na mara zote tatu waliohudhuria ni mbuzi wa jirani na bibi mmoja kiziwi. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Baada ya wiki mbili tu, tembo wangevuka mpaka wa hifadhi na kumwachia mabua matupu kama mwaka jana. Matofali ya pilipili aliyofundishwa kutengeneza na watu wa hifadhi yalifaa sana, ila si kwa shamba moja. Ukiwafukuza kwako wanaingia kwa jirani, kesho wanarudi. Alihitaji mashamba yote ya mpakani.

Ndipo akamwendea shemeji yake Mayala, manju wa ngoma ya kijiji.

"Shemeji, tushindane. Ngoma yako upande huu, somo langu upande ule. Jioni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Nikishinda, wewe na kundi lako mnatwanga pilipili."

Mayala alicheka mpaka akajishika magoti. "Na nikishinda mimi?"

"Nakupikia sato mwezi mzima."

"Basi anza kutafuta mafuta ya kukaangia!"

Jumamosi, uwanjani, Mayala alichagua upande kwanza, akachukua kivuli cha godauni la pamba. Modesta akaachiwa jua, upande wa ziwani. Mzee Machibya, mwamuzi, akapuliza filimbi.

Masikini Modesta! Alipoanza tu kueleza jinsi kinyesi cha tembo kinavyokandwa na pilipili kichaa na kukaushwa kuwa tofali la kuchomwa, Mayala alirusha juu jembe lake la kuchezea ngoma, akazunguka mara mbili, akalidaka nyuma ya mgongo. Watu wakamhama Modesta. Hata bibi kiziwi alibeba kigoda chake akaenda.

"Shemeji ee!" Mayala aliimba. "Sato wangu asizidi chumvi!"

Modesta akajiambia kwamba kama ni kushindwa, atashindwa akifundisha. Akawasha tofali lake, akaendelea kuwaeleza mbuzi.

Saa kumi jioni upepo wa ziwani ukaja, kama ujavyo kila siku. Moshi ukajikusanya, ukavuka uwanja, ukaingia kivulini bila kupiga hodi.

Mpiga ngoma akapiga chafya. Wachezaji wakapiga chafya, kwanza mmojammoja, kisha kwa mpigo. Majembe yakadondoka. Watu wakatimua mbio, wakilia na kucheka, hadi mahali pekee penye hewa safi: nyuma ya Modesta.

"Modesta ameshinda!" Machibya alitangaza, kamasi zikimtoka.

"Ametumia dawa!" Mayala alifoka.

"Tangu lini manju analalamikia dawa?" Machibya alimuuliza. " Mwaka juzi ulizika nini hapa uwanjani kabla ya mashindano? Tulikuuliza?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Modesta akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mayala ana kapua kadogo hivi, mmeona alivyokimbia. Tembo mwenye pua inayofika chini je?"

Wenye mashamba ya mpakani walianza kugombania nani aanze kupewa matofali.

Jumatatu kundi zima lilitwanga pilipili uani kwa Modesta. Mayala alitwanga kwa mikogo, akiimba, mpaka jasho lilipomwingia jichoni, naye akalifuta kwa mkono uleule wenye pilipili.

Aliruka. Akazunguka mara nne, akapiga magoti, akainuka, akaruka tena. Majirani wakaja mbio kujaa uani.

"Haya, shemeji," alisema Modesta akimletea maji, "watu wako wamerudi."