Binti wa Mukarugwiza

Kwetu mtoto habebi jina la mama yake. Ndiyo maana Daktari Silvère, aliponialika katika mgahawa mmoja wa mtaa wa Gisimenti, aliniona mimi Umulisa tu, mwalimu wa falsafa. Binti wa Mukarugwiza wa mtaa wa Biryogo hakumwona.

Mama aliugua mgongo. Silvère alimpiga picha kwa mashine ya hospitali, akaitazama, kisha akaamuru aachishwe dawa za maumivu. Nilikuwa nimesimama mlangoni aliposema kwa upole, mikono mfukoni: "Maumivu ni kazi ya neva, mama, hakuna zaidi. Neva zako ni nzima. Kwa hiyo huumwi."

Mama alimshukuru, kwa kuwa alilelewa kuheshimu wasomi. Tangu hapo alikuwa aking'ata ncha ya kitenge ili majirani wasimsikie, maana angewaelezaje maumivu ambayo daktari amesema hayapo? Alikufa akiwa bado anaona haya.

Sasa Silvère mwenyewe alikuwa ameketi kiupande mbele yangu, paji la uso limelowa jasho. Alinieleza kwamba mguu wake unawaka kama umetiwa makaa, na kila picha inatoka safi. Wenzake wameanza kutabasamu wanapomwona akichechemea. Kesho jopo la hospitali litaamua kama apumzishwe na kupewa dawa kali. Katika jopo tuko watatu, mimi nikiwa mshauri wa maadili. Mmoja anamtetea kwa urafiki, mmoja anampinga, na kura yangu ndiyo itakayokata shauri.

"Katika ule mdahalo tuliobishana mimi na wewe, ulisema maumivu anayajua anayeyahisi," alisema. "Kwamba mtu angeweza kuusoma ubongo wote, asiyaone. Nilikucheka, Mwalimu. Nakuomba uyarudie hayo kesho."

Nilimuuliza kama basi sasa anakubali kuna kitu ndani yetu kisicho neva. Akatabasamu kwa shida.

"Hapana. Ni neva tu. Mashine bado haijaiona hitilafu yake."

"Uliwahi kumwambia mgonjwa hivyo?"

"Wagonjwa wengi hujidai, dada yangu. Wewe huwajui."

Nikamwagizia maziwa ya mgando, kama anavyopewa mgonjwa, nikamsogezea glasi kwa mikono miwili.

"Mama yangu aliitwa Mukarugwiza," nilisema. "Wa Biryogo. Mgongo."

Alilitafuta jina hilo kwa muda. Nililiona likimfikia polepole, nami sikuharakisha kitu.

"Nakuamini, Daktari," nikasema. "Hata huyo anayekutetea hakuamini kama mimi. Najua unaungua hivi sasa, na najua hakuna picha itakayoonyesha hilo."

Akashusha pumzi. Macho yake yalijaa shukrani, na shukrani hiyo niliitambua. Niliwahi kuiona kwenye uso mwingine.

"Na kesho," niliendelea, "nitaliambia jopo kwamba neva zako ni nzima."

Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Meza za jirani zilikuwa zimejaa watu, baadhi yao wakimfahamu. Akainamisha kichwa juu ya glasi ile, akaingiza mkono wa koti kinywani, akang'ata.