Picha ya Mama Haikukauka

Mama yetu alikaa kwenye kiti siku nane mfululizo ili achorwe, akafa bila kuiona picha yenyewe. Aliyemnyima kuiona ni mimi.

Mimi ni fundi rangi. Napaka kuta, milango na mageti, naandika mabango ya maduka. Mdogo wangu wa kiume ni msanii. Tangu utotoni tunamwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo asilolijua, na asilolijua hukuambia halina maana. Alisomea uchoraji mjini akabaki huko huko, akawa anakuja nyumbani kama mgeni wa heshima. Mimi nilibaki na Mama. Figo zilimsumbua miaka kumi na moja, na mimi ndiye niliyembeba kumpeleka bafuni.

Siku daktari aliponivuta pembeni akaniambia tusitegemee miezi, tutegemee wiki, nilimpigia Profesa simu. Akasema, "Nakuja kumchora."

Mama alifurahi, hakuna mfano. Akaanza kuuliza avae gauni gani.

"Hata mimi ningeweza kukuchora," nilimwambia huku nikimchana nywele. "Kwa rangi ya maji, siku mbili tu ushatundikwa ukutani."

"Wewe chora maduka," alisema akicheka. "Mimi si duka."

Nilicheka naye, ila neno lile lilinikaa rohoni.

Profesa alikuja na sanduku la tyubu za rangi ya mafuta na harufu ya tapentaini, akachukua chumba changu, nikahamia sebuleni. Kila mchana nilimwinua Mama kitandani, nikamkalisha karibu na dirisha, nikampanga mito mgongoni. Miguu ilikuwa imemvimba hata kandambili haziingii. "Dakika kumi tu, Mama," Profesa alimwambia, na dakika kumi zake zilikuwa saa nzima. Mimi nilitakiwa nisubiri nje ya mlango mpaka niitwe kumrudisha.

Siku ya tatu nilishindwa kujizuia. "Kwa nini usitumie rangi inayokauka upesi?"

"Dada, rangi yako inakauka kwa sababu maji yanaondoka. Yakishapaa, kazi imekwisha. Mafuta hayaendi popote. Yanakula hewa taratibu, yanaganda yenyewe kwa yenyewe. Juu utagusa uone pamekauka, kumbe chini bado mbichi. Mimi vanishi siweki kabla ya miezi sita."

"Mama hana miezi sita."

"Ndiyo maana nimekuja sasa," alijibu, akiendelea kufuta brashi yake.

Siku ya nane alifungasha. Aliigeuza picha ikatazama ukuta, akavuta mapazia, akafunga mlango, akanikabidhi ufunguo. "Isiguswe, isihamishwe, isitazamwe mpaka nirudi. Mwanga utaiharibu. Wewe ni fundi, unaelewa."

Rangi za madebe nazijua kama viganja vyangu. Hizo za tyubu sikuzijua. Nikaona niheshimu kazi ya mwenzangu, kama ninavyotaka watu wauheshimu ukuta wangu ukiwa mbichi.

Baada ya siku mbili Mama aliniita. "Mwanangu, nifungulie nijione."

"Bado mbichi, Mama."

Wiki iliyofuata aliomba tena, safari hii kwa ukali. "Nyumba yangu, sura yangu, halafu ufunguo unao wewe!" Nikampigia Profesa. Akasema mwambie avumilie. Nikamwambia avumilie.

Mara ya tatu hakuwa na nguvu za kugomba. Aliuliza tu, "Amenichora meno yanaonekana, au mdomo umefumbwa?"

"Sijui, Mama."

"Niliufumba makusudi," alisema. "Lile pengo la mbele silitaki kwenye picha."

Asubuhi yake alikata roho, nikiwa jikoni nachemsha maji ya kumwogeshea.

Siku tatu baada ya mazishi nilikwenda kununua rangi nyeupe ya chumba chake. Muuza rangi ni mtu tuliyezoeana, na huwauzia wachoraji pia. Aliponipa pole, nikajikuta namweleza habari ya picha. Akanikazia macho.

"Nani kakudanganya? Picha ya mafuta haiharibiki kwa kutazamwa. Inataka mwanga na hewa. Ukiifungia gizani ndiyo unaichelewesha, tena inaingia umanjano."

Niliacha debe pale pale juu ya kaunta.

Nyumbani nilimkuta Profesa, aliyekuja kwa mazishi, sebuleni na wageni wa msiba. Sikumwambia kitu. Nilifungua chumba, nikageuza picha. Paji la uso lilikuwa lake hasa, na nywele nilizomchana mimi, na mikono juu ya magoti, mishipa imesimama. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, imebaki doa la kijivu. Nilipoligusa, kidole kilinata.

Profesa alikuwa amesimama mlangoni. "Mdomo ulinishinda," alisema kwa sauti ya chini. "Niliufuta mara nne. Nilipanga kurudi kuumalizia."

"Kwa hiyo habari ya mwanga ilikuwa uongo."

"Ungemwambia haijaisha, angenicheka."

Ni kweli, angemcheka. Angemcheka mpaka akohoe, halafu angejitazama mpaka ashibe.

"Aliniomba mara tatu," nilimwambia. "Mara tatu, Profesa."

Alianza kulia. Nilimpita nikaenda kuwapa wageni chai.

Picha aliondoka nayo. Miezi miwili baadaye alinipigia. Alikuwa ameitwa kwenye maonyesho. Sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake. "Dada, picha zote za kamera nilizonazo Mama anacheka. Akifumba mdomo alikuwa anakaaje? Nisaidie."

Nilikuwa juu ya ngazi, rola mkononi. Nilijua. Upande wa kushoto ulishuka kidogo tangu alipougua, na mdomo wa juu alikuwa akiuvuta ndani, kama mtu anayezuia neno. Miaka kumi na moja nilimlisha kwa kijiko. Mdomo ule ningeuchora nimefumba macho.

"Sikumbuki," nilimwambia.

Aliumalizia kwa kubuni. Walioiona wananisimamisha barabarani kunipongeza, wanasema Mama mtupu, bado kuongea tu. Mimi sijaenda kuitazama.