Alama Nyeupe za Rasini

Rasi ile ilikuwa na hali ya hewa yake yenyewe. Upande mmoja wa majabali unavua koti kwa joto. Zunguka kona tu, unalivaa tena meno yakigongana. Ukungu nao huingia bila hodi. Mama mtunza njia aliyazoea yote hayo, maana aliishi kwenye kibanda cha langoni na kila asubuhi alifagia kokoto njiani. Lakini siku hiyo roho ilikuwa mkononi. Mkaguzi anakuja. Akiridhika na njia ya juu ya majabali, itafunguliwa. Asiporidhika, rasi nzima inafungwa, na mama afungashe virago.

Alama za kuongoza watu alikuwa amempa mdogo wake azichore. Huyo alikuwa fundi rangi wa nyumba, mtaa mzima ukimwita Brashi, na maneno hayakumpiga chenga.

"Nimepaka nyeupe, dada, kila jiwe kubwa. Hata kipofu ataziona."

"Kipofu simwogopi mimi. Namwogopa mkaguzi."

Mkaguzi alifika pamoja na ukungu, uso umekunjamana kama aliyelamba ndimu. Mama alipojitolea kumwongoza, alikataa katakata.

"Njia yenye alama haihitaji kiongozi. Natangulia peke yangu. Nyie mtanifuata baadaye."

Walisubiri kidogo, wakafuata. Kwenye njia panda mama akainama kutazama matope. Nyayo za viatu vya mkaguzi zilikuwa zimepinda kushoto, kuelekea gengeni, na mbele yake mawe yalikuwa meupe pepepe, moja baada ya jingine. Hakuna hata moja alilopaka Brashi. Ndege wa baharini walikuwa wakilala pale tangu enzi na enzi, na mawe hayo waliyapaka wenyewe.

"Brashi, hivi rangi gani uliyochagua vile?"

"Nyeupe, dada, si nilikwambia..." Akayatazama mawe yale upya. Sebuleni kwa watu alikozoea kupaka, ndege hawalali.

Walikimbia. Wakamkuta mkaguzi amesimama ukingoni, ukungu umepasuka, bahari inachemka chini yake, naye anatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisimulia.

"Hongereni! Sijaona njia yenye alama nyingi namna hii. Tena mmepaka juzijuzi tu, hii hata haijakauka." Akawaonyesha kidole kilichoshika weupe. "Mimi nimesharidhika. Naifungua."

Brashi akamkanyaga dada yake mguu kwa siri. Maana yake: funga mdomo. Na kweli, kilichotakiwa ni asante tu, kazi na kibanda vibaki. Mama alitamani sana kuitamka. Lakini nyuma ya visigino vya yule mtu hapakuwa na ardhi, na kesho wangekuja wengine na watoto wao, wakifuata weupe ule ule.

"Bosi, sogea kwanza huku kwangu. Taratibu. Hivyo hivyo." Alipomshika mkono ndipo akasema, "Hiyo si rangi."

Mkaguzi akakitazama kidole. Akakinusa. Ndege mmoja akapita juu yao, na wote watatu wakainama kwa pamoja.

"Kumbe muda wote huu," mkaguzi akasema polepole, "nimefuata mavi ya ndege?"

"Ndiyo, bosi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi aligeuka kuangalia pale aliposimama, na kicheko kikakatika.

"Ungenyamaza, mama, ningekwenda zangu nimefurahi. Halafu mtu angekufa hapa." Akasimama, akajifuta kidole kwenye suruali. "Fundi, paka nyekundu, leo hii. Njia naifungua, kwa sababu anayeilinda ni wewe, mama. Haya, sasa nipeleke kwenye njia yenyewe."

Mama akajifuta machozi. Akageuka, akashika njia, na mkaguzi akamfuata nyuma akikanyaga pale pale alipokanyaga yeye.