Koki ya Ijumaa Jioni

Jumapili hiyo Sharon alifika kiwandani Kebirigo kabla mlinzi hajamaliza chai yake, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi. Kiwanda chenyewe ni banda refu la mabati ambamo ndizi hukaangwa zikawa krispi, zikatiwa kwenye pakiti, kisha Sharon na wenzake wakazipanga kwenye katoni kwa mikono. Miaka sita alikuwa amevaa glavu na kupanga pakiti, na alikuwa amechoka nazo, glavu na pakiti. Leo alikuwa na nafasi ya kuzivua.

Muuzaji wa mashine alikuwa ameleta mbili za kujaribiwa, zote zenye mkono wa chuma wa kuokota pakiti kwenye mkanda unaozipitisha na kuziweka ndani ya katoni. Moja ilisukumwa na upepo wa kompresa, pampu ya kushindilia hewa ndani ya tangi. Hiyo ilikuwa kipenzi cha Ogoti, fundi wa kiwanda, mtu aliyekulia kwenye gereji za Masimba na aliyeamini kwamba chombo kisichopiga kelele hakifanyi kazi. Ya pili iliendeshwa na mota, na mkono wake ulitii vibonyezo. Hiyo Sharon alikuwa ameisoma wiki mbili nzima, kitabu chake cha maelezo kikinuka moshi kwa kukaa naye jikoni. Mama Emily, mwenye kiwanda, alikuwa amesema wazi: ikishinda ya upepo, Ogoti ataiendesha, ikishinda ya mota, ni ya Sharon. Basi Sharon aliitaka mota ishinde, akaitaka kupita kiasi, wala hakuona haya.

Saa nne akaingia Mulki, mwenye duka la jumla Kisii mjini, mteja ambaye mashine ilitafutwa kwa ajili ya oda yake. Ogoti akawasha ya kwake. Mkono ukaruka, ukakohoa, ukagota katikati ya safari na kuangusha pakiti sakafuni. Matone ya maji yakachuruzika kwenye paipu.

"Hii kitu Ijumaa ilikuwa sawa kabisa," Ogoti akasema, akijifuta jasho.

Sharon alifurahi. Tusifiche, alifurahi mpaka akauma midomo asicheke. Halafu akayaona yale maji vizuri, na furaha ikamtoka. Huku kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima. Kompresa huivuta hivyo hivyo, maji yakajikusanya ndani ya tangi, na kila jioni lazima mtu afungue koki ya chini ayatoe. Ijumaa zamu ilikuwa yake. Jua lilikuwa linazama, Sabato ya Jumamosi inabisha hodi, kila mtu anakimbilia nyumbani amalize kupika na kuoga, naye akakimbia nao. Tangi likapumzika Sabato nzima na maji yake tumboni.

Mama Emily alikuwa tayari akitikisa kichwa. Kilichohitajika ni Sharon kunyamaza tu.

"Si mashine, Mama," akasema. "Ni mimi. Ijumaa sikufungua koki."

Ogoti akaenda kwenye tangi. Akainama, akafungua koki, na maji yakamwagika mpaka yakalowesha viatu vyake. Akawasha tena. Ebo, mashine ilivyokwenda! Pa, pa, pa, pakiti arobaini kwa dakika, wanawake wa mkanda wakiacha kazi kuitazama. Ya mota ilifuata kwa upole wake, ikaweka thelathini.

Mulki ndiye aliyeichukua pakiti moja kutoka katoni ya Ogoti, akaitikisa sikioni, akaifungua. "Mama Emily, mimi naagiza krispi. Hii ni unga."

Mkono wa upepo ulijua mwanzo na mwisho tu, na mwisho uliufikia kwa kishindo. Ogoti akapunguza upepo; sasa krispi zikafika nzima, ila pakiti ishirini tu kwa dakika. Mulki akataka pakiti kubwa na ndogo zikae katoni moja. Ogoti akachukua spana.

"Hiyo nipe nusu saa hivi."

Sharon akabonyeza mara mbili. Mkono wa mota ukaweka kubwa, ukaweka ndogo, ukipunguza mwendo kabla ya kufikisha kila moja chini, na katoni ikajaa bila krispi hata moja kulia. Alitaka kuruka. Akajizuia, kisha akaruka.

"Ungenyamaza ungeshinda kitambo," Ogoti akamnong'oneza.

"Ningekuwa nimeshinda maji."

"Sharon," Mama Emily akaita, "vua glavu."

Akazivua, akabaki nazo asijue pa kuziweka. Ogoti akanyoosha mkono.

"Lete hizo," akasema. "Kuna mtu ameniachia paipu za kukausha."