Herufi Aliyoikosa Karani

Huku Esztergom, mji wa Ungaria, dinari za fedha hubadilishwa kila mwaka, na kwa miaka ishirini na saba chapa yake ya chuma aliichonga Fundi Bereck. Mimi nilikuwa mpiga nyundo: yeye achonge, mimi nigonge.

Mwaka ule tuliletewa karani mpya, Ipoly, kijana aliyejua Kilatini kuliko alivyojua adabu. Akatupa mezani kipande cha ngozi chenye maandishi ya dinari mpya.

"Chonga hivi hivi, mzee. Usijiumize kichwa kuyaelewa."

Bereck akaiinua ngozi dirishani, akayatazama maandishi kwa upande wa nyuma, maana kwenye chapa herufi huchongwa kinyume ili kwenye fedha zitoke sawa. Akamrudishia.

"Hii sichongi. Jina la Ungaria limepungua herufi."

Ipoly alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Hata jina lako hujui kulisoma!"

"Langu sijawahi kulichonga. La Ungaria nalichonga tangu wewe hujazaliwa."

Kelele zikamleta mkuu wa karakana, Bwana Tódor. Ipoly akafungua kitabu chake cha sala. "Basi amsomee bwana mkuu mstari mmoja tu!"

Bereck alikikodolea macho kitabu. Watu wakaanza kucheka. Mimi niliinamisha kichwa kwa aibu, kana kwamba nimetukanwa mimi.

"Niletee bati la fedha ulilofua asubuhi," akaniambia.

Akalisugua kwa aproni hadi likang'aa kama kioo, akalisimamisha kando ya kitabu. Hakutazama kitabu; alitazama ndani ya fedha, akasoma polepole, neno kwa neno, mstari mzima. Miaka yote ile alikuwa akimuuliza padri kila herufi aliyoichonga, na alizijua zote, ila kwa kinyume.

Bwana Tódor akaweka dinari ya mwaka uliopita juu ya ngozi. "Karani, A iko wapi?"

Masikio ya Ipoly yakawa mekundu. Akachukua kalamu, akaiandika.

Chapa ilipokuwa tayari nilipiga dinari ya kwanza kwa nguvu zangu zote. Bereck akaiweka kiganjani mwa karani.

"Tusomee, bwana karani."

Kijana akasoma kwa sauti, kwa heshima, na hata wachochea moto wakasogea kusikiliza. Nusu ya umri wangu nilikuwa nikiyagonga maneno yale, na sikuwa nimewahi kuyasikia.