Kikohozi cha Ubeti wa Pili

Jumamosi alasiri fundi wa miwani aliifuta santuri kwa kitambaa kilekile anachofutia lenzi za wateja wake, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Kisha akaipiga picha nne: upande wa kwanza, upande wa pili, lebo, na jalada lililochanika pembe. Jirani yake msusi, ambaye huuza mawigi mtandaoni na kwa hiyo ndiye bingwa wa mambo hayo katika jengo zima, alizitazama akacheka.

"Shoga, umeipiga kama picha ya kitambulisho. Isogeze dirishani ipate uhai."

Wakaisogeza. Dirishani alikuwa amekaa Mama, kwa hiyo naye alisogezwa kidogo, pamoja na kiti chake, mashine yake ya kupumulia na bakuli lake la kutemea.

Santuri yenyewe ilikuwa ya wimbo wa mapenzi, wa bendi iliyovunjika kabla fundi hajaota meno. Wimbo wa kawaida tu. Nakala zake zimelala kwenye maboksi ya mitumba na hakuna anayeinama kuziokota. Lakini katika nakala hii, ubeti wa pili, mwimbaji akishasema "nisubiri mlangoni", kuna mtu anakohoa. Anakohoa mara tano, kikohozi kikavu cha kutoka chini kabisa, kisha wimbo unaendelea kana kwamba haukusikia kitu. Wakusanyaji wa santuri walijua kwamba zilifyatuliwa arobaini za namna hiyo, na kwamba zilizosalia hazizidi tatu. Wasichokijua, kwa sababu hawakuwahi kuuliza, ni nani aliyekuwa anakohoa.

Alikuwa baba yake fundi. Miaka kumi na minane alisimama kwenye mashine ya kufyatulia santuri, katika chumba kisicho na dirisha, wakati ule santuri zilipokuwa zikichanganywa na unga wa mawe ili ziwe ngumu. Unga huo ulikuwa wa kijivu na haukuchagua pa kukaa. Siku moja wageni walikuja kukitembelea kiwanda. Nyapara alikuwa ameshatangaza kwamba mbele ya wageni hakuna kukohoa. Atakayekohoa akakohoe kwao, na asirudi. Wageni walikaa dakika arobaini. Baba alikibana kikohozi chake dakika zote arobaini, macho yamemtoka, na kwa kuwa hakikuwa na pengine pa kutokea, kilishuka mabegani, kikapita mikononi, kikaingia kwenye santuri. Moja kila dakika. Kiwanda kilipogundua kilizivunja zote kilizozikamata. Baba alitoka na moja chini ya shati.

Alipokufa, daktari wa kampuni aliandika kwenye cheti kwamba chanzo ni sigara. Baba hakuwahi kushika sigara. Hata ya kondakta ilimshusha kwenye basi. Familia ikaandika barua. Kampuni ilijibu kwa salamu za rambirambi na kalenda ya ukutani.

Tangu mazishi, santuri ikipigwa, Baba huja. Sindano ikigusa, mlango wa jikoni hulia, naye huingia na ovaroli yake, hukaa kiti cha karibu na friji, hukohoa kwenye ubeti wa pili, hunywa maji, husikiliza habari za nyumbani. Sindano ikifika mwisho huondoka, na fundi hupangusa kiti. Hawakuipiga ovyo, maana sindano hula santuri. Mara mbili kwa mwaka, na ya tatu kukiwa na habari nzito.

Safari hii habari nzito ilikuwa mapafu ya Mama. Daktari wa hospitali aliyatazama kwenye picha akasema ni mapafu ya mchimba mawe.

"Mama ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nafua."

Daktari aliandika kitu, akakikata. Akamwazima mashine ya kupumulia hadi mwisho wa mwezi, kwa kuwa baada ya hapo ilikuwa na mtu mwingine kwenye foleni. Bila mashine, alisema, wahesabu miezi miwili, mitatu kama ni mbishi. Mashine mpya ilikuwa na bei ambayo fundi asingeifikia hata mji mzima ungekuwa kipofu nusu. Santuri ya pili kati ya zile tatu, msusi alimwonyesha kwenye simu, ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya hapo.

Ndiyo maana ikaingia mnadani. Mnada ungefungwa Jumatatu saa sita mchana. Kufikia jioni madau yalikuwa tisa, na mtu mmoja anayejiita Sikio la Tatu akaandika: "Naomba video ya ubeti wa pili. Bila kikohozi hii ni sahani tu."

Jumapili asubuhi msusi alishika simu, video ikirushwa moja kwa moja mtandaoni, fundi akashusha sindano. Baba aliingia, akakaa, akaiona ile simu imemwelekea.

"Hicho nini?"

"Simu, Baba. Kuna watu wanataka kukusikia."

"Watu gani?"

"Wageni tu. Wa mbali."

Baba akanyoosha mgongo. Akafunga vifungo vya ovaroli hadi shingoni. Ubeti wa pili ulipofika alibana midomo, mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba za kuanikia nguo, na wimbo ukapita safi mwanzo hadi mwisho. Aliondoka bila kunywa maji.

Video ilikuwa imeshaonekana. Madau saba yakaondolewa.

"Usife moyo, shoga," msusi alisema. "Nitakohoa mimi. Nani atajua?"

Wakaipiga tena, msusi nyuma ya pazia. Baba alimsikiliza kwa makini.

"Huyu anaumwa?"

"Anaigiza, Baba."

"Basi hakufundishwa."

Wakusanyaji nao hawakudanganyika. Mmoja alicheka kwa vikatuni sita. Sikio la Tatu aliandika kwa adabu: "Hicho ni kikohozi cha koo. Sisi tunatafuta cha mapafu. Tuheshimiane."

"Nimetukanwa na watu wengi," msusi alisema, "lakini hakuna aliyewahi kunitukana koo."

Yakabaki madau mawili, na yote mawili yakijumlishwa yasingenunua hata mpira wa mashine.

Alasiri fundi aliishusha sindano mara ya tatu kwa siku moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika nyumba ile. Baba aliingia akiwa amechoka.

"Baba, tunakuomba ukohoe."

"Mbele ya wageni?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, nina kazi."

"Kazi iliisha, Baba. Kile kiwanda sasa ni ghala la vigae. Nyapara mwenyewe alishakufa."

"Najua alishakufa. Huko tuliko ndiye anayepanga zamu."

Ubeti wa kwanza ulikuwa unaelekea mwisho. Ndipo Mama aliposema kutoka dirishani, "Mzee, hebu geuka huku."

Baba akageuka. Mama akautoa mpira puani, akauweka mapajani, akakohoa.

Hakuwahi kukohoa mbele yake. Tangu kikohozi kianze, kila Baba alipokuja alikibana hadi sindano imalizike, kwa sababu mume aliyekufa anayekuja mara mbili kwa mwaka ni mgeni, na mgeni hakoholewi. Sasa alikiachia. Kilikuwa kikavu, cha kutoka chini kabisa, mara tano, akapumzika, tena mara tano. Fundi alikuwa amekisikia kikohozi kile maisha yake yote. Kama angefumba macho asingeweza kusema kinatoka kinywani mwa nani.

"Umekipata wapi hicho, bibie?" Baba aliuliza.

"Kwenye ovaroli. Nilikuwa nazikung'uta kabla ya kuziloweka."

Baba aliitazama ovaroli, kisha mikono yake.

"Na huo mpira?"

"Wa kuazima. Mwisho wa mwezi wanauchukua."

"Halafu?"

"Halafu tutakutana huko, unipangie zamu na mimi."

Mwimbaji akasema "nisubiri mlangoni". Baba akafungua vifungo viwili vya juu, akakohoa. Alikohoa tano zilizomo kwenye santuri, akaendelea na zile ambazo hazikuwamo, za dakika zote arobaini, za miaka yote kumi na minane, hadi vijiko vikalia kabatini na msusi akalazimika kuishika simu kwa mikono miwili. Mama naye akamwitikia kutoka dirishani. Walikohoa hivyo, wakipokezana bila haraka, mpaka wimbo ukaisha. Baba alikunywa maji glasi mbili, akaaga, akatoka. Siku hiyo fundi hakupangusa kiti tu. Alifagia jikoni kote, akajaza kizoleo.

Jumatatu saa sita kasorobo madau yalikuwa sitini na matatu. Saa sita kamili santuri ikawa ya Sikio la Tatu, kwa bei iliyotosha mashine na vichujio vyake vya miaka miwili. Msusi alipiga kigelegele kimoja, akajizuia.

Kwamba santuri haiendi bila Baba, hilo kila mmoja alilijua tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelizungumza. Wakati wa kufunga kifurushi Mama aliuliza huko inakokwenda hali ya hewa ikoje. Fundi akatazama kwenye simu, akasema baridi. Mama akatoa sweta kabatini, akaikunja mwenyewe, akaiweka chini ya jalada.

Posta, karani aliweka boksi kwenye mzani, akasoma, akalitoa, akaliweka tena.

"Kilo arobaini na tatu. Hapa umeandika santuri moja na sweta."

"Na baba yangu," fundi alisema. Kilo arobaini na tatu ndizo alizokufa nazo.

"Marehemu?"

"Mwaka wa ishirini na sita huu."

Karani alipekua kitabu cha viwango, akanyoosha kidole kwenye mstari fulani. "Basi si abiria. Ataenda kama mzigo." Akagonga muhuri wa kuvunjika pande zote nne. "Upande gani uwe juu?"

Fundi alionyesha. Karani akachora mshale.

Mashine mpya ilikuja siku moja kabla ile ya kuazima haijachukuliwa. Ilikuwa na mlio wa chini, kama friji ya pili. Mama alizoea. Fundi alituma ile video kwa kampuni, pamoja na picha za mapafu ya Mama na barua mpya. Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Kampuni iliwapa pole, ikaeleza kwamba sauti iliyomo kwenye video haikutolewa saa za kazi. Safari hii hapakuwa na kalenda. Siku hizi hawachapishi.

Wiki ya tatu, akiwa anakaza skrubu ya miwani ya mwalimu mmoja mwenye masikio yasiyolingana, simu yake ilitetemeka. Sikio la Tatu alikuwa ametoa maoni, hadharani, ili wote wasome: "Imefika salama. Kikohozi ni wazi kuliko kwenye video. Muuzaji mwaminifu. Nyota tano."

Chini yake, kwa faragha, kulikuwa na ujumbe mwingine. Mzee hana usumbufu, aliandika. Nimempa chumba cha kusikilizia, chenye kipimajoto. Sweta inamtosha.

Fundi alipanda nyumbani akamsomea Mama.

"Chumba chake peke yake?" Mama aliuliza.

"Peke yake."

"Sisi hatukuwahi kumpa." Akaurekebisha mpira puani. "Anasema nini tena?"

Ujumbe ulikuwa na aya ya mwisho, ambayo fundi aliisoma kimya. "Samahani kwa swali. Nimeisikiliza ile video yako mara nyingi. Nyuma kidogo, upande wa dirisha, yupo wa pili, wa kike. Ni kikohozi cha aina ileile, na pengine ni bora zaidi. Yeye yumo kwenye santuri gani?"

"Anasema asante," fundi alimwambia Mama.

Aliketi kiti cha karibu na friji, akaandika: "Huyo yuko hai."

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. "Hakuna haraka. Ninaomba tu, wakati ukifika, unifikirie mimi kwanza."

Mtandao ukamkumbusha kwamba naye hajamtathmini mnunuzi. Fundi alifikiri. Mtu yule alilipa siku ileile, hakubishania nauli ya mzigo, na lugha yake ilikuwa ya heshima toka mwanzo. Akampa nyota tano, akashuka kumalizia ile skrubu.