Dada wa Meja

Wauguzi wote wa hospitali ile ya jeshi walimpigia Meja saluti bila shida, isipokuwa mmoja, ambaye mkono wake ulipanda kana kwamba umefungwa jiwe. Meja alikuwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja. Muuguzi huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akampangusa makamasi, na baadaye akamfundisha kuzungusha bandeji kwa kutumia mguu wa meza ya mama yao. Sasa mtoto huyohuyo alipita wodini na cheo begani, na dada mtu akabana visigino: "Afande!"

Majeruhi walimwita dada huyo Shangazi, kwa umri wake na kwa mdomo wake. Meja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyopenya kila mahali bila hodi.

Vita vilipoanza walijiunga pamoja, na Shangazi alidhani ukubwa wake wa nyumbani ungemfuata mpaka jeshini. Wapi! Hospitali yao ya kwanza ilipopigwa mabomu na daktari mkuu akaumia, Sindano ndiye aliyepanda juu ya sanduku la dawa akaanza kuamuru: hawa wapakiwe, hawa wasubiri, wewe shika hapa. Hata Shangazi alishika alipoambiwa ashike. Tangu hapo vyeo vilimwandama mdogo mtu. Akapelekwa kozi, akarudi kapteni. Akapelekwa mstari wa mbele, akarudi meja, akakabidhiwa wauguzi wote wa hospitali mpya iliyowekwa kwenye majengo ya shule, vitanda madarasani, upasuaji ndani ya maabara.

Shangazi alipopata likizo na kurudi nyumbani, alikuta picha ya Sindano sebuleni, ndani ya fremu, na gwanda limenyooka.

"Na yangu iko wapi, mama?"

"Iko chumbani, mwanangu. Naitazama kila nikitaka kulala."

Shangazi akaingia chumbani kuhakikisha. Kweli ilikuwepo, nyuma ya chupa ya dawa ya kuchulia mgongo.

Alirudi kazini na donge moyoni. Kila alichofanya Sindano kilimchoma. Akicheka na madaktari, anajipendekeza. Asipocheka, anaringa. "Zile buti anazipaka mwenyewe, au anapakiwa?" alimuuliza muuguzi mwenzake siku moja. Mwenzake akaanza kucheka, mara akainamia ndoo kama mtu aliyeangusha kitu. Sindano alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama tu dada yake, akaenda zake.

Kisha yakaja mapigano ya darajani. Malori yalimwaga majeruhi uani mpaka machela zikaisha, watu wakalazwa juu ya milango iliyong'olewa. Damu ya kuongezea ikabaki chupa moja. Waliohitaji walikuwa wawili: kapteni wa kikosi chao aliyepasuliwa paja na risasi, na mateka, askari wa upande wa pili, tumbo limechanika na midomo imeshakuwa ya kijivu. Kapteni alikuwa mikononi mwa Shangazi. Sindano akapita, akamtazama huyu, akamtazama yule, akasema, "Mpeni mateka."

Mateka akapona. Kapteni naye akapona, lakini kidonda kilioza na mguu ukakatwa. Baba yake mdogo alikuwa mkubwa makao makuu. Haikupita muda, wakaja maofisa kuchunguza kwa nini damu ya jeshi ilipewa adui.

Walikaa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Shangazi aliitwa shahidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemshika kapteni. Akiwa kwenye benchi nje, moyo ulimwambia maneno matamu. Hakuhitaji hata kusema uongo. Neno "sikumbuki" lingetosha kabisa. Sindano angevuliwa cheo, wangerudi kuwa sawa, na ile picha sebuleni ingehamishwa. Alijisikia vibaya kwa kuwaza hivyo, na bado aliendelea kuwaza.

Alipoingia, Sindano alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, macho ukutani. Kifungo cha mkono wa gwanda lake kilikuwa wazi. Shangazi hakuwahi kumwona hivyo.

"Kapteni alikuwa katika hali gani?" aliuliza kanali aliyeongoza kikao.

Shangazi akabana visigino. "Damu ilikuwa imekata, afande. Nilimfunga mwenyewe. Mapigo nilipima mwenyewe, yalikuwa mazuri. Alikuwa ananitukana."

"Na mateka?"

"Yule alikuwa anakwenda. Bila ile chupa tungemfunika shuka. Mguu wa kapteni uliharibiwa na uchafu wa kidonda. Chupa ile isingeuokoa."

Kanali akaegemea kiti. "Wewe ni dada yake Meja, siyo? Tuamini vipi kama humkingii kifua?"

"Mimi nimkingie?" Sauti ilimtoka Shangazi kubwa kuliko alivyotaka. "Afande, ulizeni wodi nzima. Mimi namwonea wivu huyu tangu alipopata cheo cha kwanza. Silali vizuri kwa ajili yake. Ningekuwa na la kumwangusha ningelisema hapahapa, na leo ningekula nikashiba. Sina. Alifanya sawa."

Ofisa mmoja alikohoa kuficha kicheko. Kanali hakucheka, lakini aliandika kwa muda mrefu.

Walipotoka, Sindano alimfuata ukumbini. "Dada. Ni kweli uliyosema?"

"Ya damu?"

"Ya wivu."

"Kweli."

"Nilijua," Sindano alisema, na midomo ikamtetemeka kama alipokuwa mdogo. "Ila sikujua kama yangeuma hivi nikiyasikia mbele za watu."

"Basi tumeumizana wote. Funga kifungo, majeruhi watakuona."

Kesi ikafutwa. Kwa Shangazi matokeo yalikuwa machungu kuliko alivyotarajia, kwani ushahidi wake ulisomwa juu huko, wakubwa wakapenda msimamo wa Meja, na kabla vita havijaisha Sindano akaitwa kuongoza wauguzi wa jeshi zima. Akaondoka kwa gari lenye bendera. Shangazi alipiga saluti pamoja na wenzake, na donge lilikuwa palepale.

Vita vilipokwisha, Sindano alibaki jeshini mpaka akawa brigedia, akajenga chuo cha wauguzi, akastaafu bila mume wala mtoto. Alikohamia ni nyumbani kwa dada yake. Wawili hao waligombana kila asubuhi kuhusu namna ya kutandika kitanda. Vijana wa mtaani walimwona Sindano akipita na kumwamkia, "Shikamoo, Brigedia!"

"Na mimi je, sina shikamoo?" Shangazi aliwafokea kutoka dirishani.

"Shikamoo, dada wa Brigedia!"

Shangazi akasonya, akafunga dirisha kwa kishindo, akaenda jikoni kubandika chai ya watu wawili.